Bustani zetu zina sikukuu, hazina Jumanne: barua ya wazi kwa wasimamizi wa Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,
kwa Waheshimiwa wawakilishi wadi katika Bunge la Kaunti,
kwa wakuu wa Wizara ya Utalii na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Waheshimiwa,

Asalaam aleikum, na kwa wasioitikia hiyo, hamjambo.

Naandika kuhusu bustani. Najua mnayo mafaili mazito kuliko hili: maji ya mfereji, takataka, basari, zahanati. Siombi faili la bustani lipandishwe juu ya hayo. Naomba lifunguliwe siku ambayo hakuna mgeni. Maana nikiitazama historia ya maeneo ya wazi ya mji huu naona jambo moja likijirudia: karibu kila mahali tulipopambiwa palipambwa kwa ajili ya siku moja kubwa, na siku hiyo ilipopita hakuna aliyekuwa amepanga ya kesho yake.

Chukueni Pembe za Ndovu. Pale Moi Avenue, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Kilindini Road, pembe nne za alumini zapishana juu ya barabara, na hakuna mtalii aliyefika kisiwani akaondoka bila kuzipiga picha. Ziliwekwa miaka ya 1950, bado tukiwa chini ya mkoloni, kwa ajili ya ugeni wa kifalme kutoka Uingereza. Ugeni ukaja, ukaenda zake. Pembe zikabaki, nasi tukazifanya zetu; twasema zinaandika herufi M ya Mombasa, na ukisimama mbali kidogo waiona kweli. Sina ugomvi nazo. Kitu cha mkoloni kikishakaa kwako miaka sabini na watoto wako wakakipenda, ni chako.

Kando ya Pembe ipo Uhuru Gardens, na ndani yake chemchemi iliyojengwa kwa umbo la bara la Afrika. Nayo ni ukumbusho wa siku kubwa, kubwa kuliko ile ya kwanza: siku ya kujitawala. Wazo lenyewe lapendeza, mji wa bandari kuliweka bara zima bustanini. Lakini chemchemi si sanamu. Chemchemi ina pampu, pampu yala umeme, umeme una bili, na maji yakikaa siku chache bila kuzunguka huzaa mbu. Kwa hivyo swali la maana kuhusu chemchemi yoyote ya umma si nani aliichora. Ni nani anayelipa bili yake mwezi huu, na malipo hayo yameandikwa kwenye fungu gani la bajeti.

Treasury Square, pale Nkrumah Road, ina hadithi ya namna yake. Hapo zilikaa ofisi za serikali ya Mwingereza, na mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wake wa Afrika Mashariki kabla makao hayo hayajahamishiwa Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20. Katika bustani yake imesimama sanamu ya Allidina Visram, iliyozinduliwa mwaka 1937. Bwana huyu alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851, akafika Zanzibar angali mtoto, akafungua duka baada ya duka kwenye njia ya misafara mpaka Uganda, akafariki mwaka 1916. Shule yenye jina lake iko papa hapa kisiwani na imesomesha watu wengi, pengine hata baadhi yenu mnaosoma barua hii. Lakini muulize kijana aliyejipumzisha chini ya mti hapo sanamu ni ya nani, na usishangae akikwambia ni Mhindi fulani wa reli.

Sasa Mama Ngina. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mji mzima hukaa.

Barabara yenyewe iliitwa Azania Drive kabla ya kupewa jina la Mama Ngina Kenyatta. Lakini Ras Serani, rasi inayopitiwa na barabara hiyo, ilikuwa mahali pa kukaa na kutazama bahari kabla ya barabara yoyote. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita chini yake, karibu kiasi cha mtoto kumpungia baharia mkono naye akarudishiwa. Wareno waliliona hilo, wakajenga hapo ngome ndogo ya kulinda mlango wa bahari, na mabaki yake yapo. Mnara wa taa, uliofanya wengi wetu tupaite Laithausi, upo. Na ipo mibuyu, ambayo haikupandwa na Mreno, wala Mwomani, wala Mwingereza, wala kaunti. Imewaona wote wakija na wote wakiondoka.

Mwaka 2019 serikali kuu ilipakarabati mahali hapo, ekari 26, kwa gharama iliyotangazwa ya shilingi milioni 460. Yakajengwa malango ya mtindo wa Kiswahili, vijia vya kabro, ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, taa, maegesho ya magari na vibanda vya wauzaji. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo, Sikukuu ya Mashujaa ya taifa zima ikaadhimishwa pale, Rais Uhuru Kenyatta akiongoza. Nasema wazi kwamba kazi ile ilikuwa na faida. Mimi si katika wanaolilia vumbi la zamani. Mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupita kwenye changarawe na mashimo, na mzee anayetembea jioni kwa amri ya daktari anahitaji mahali patambarare. Aliyewahi kumsukuma mgonjwa barabarani Mombasa hatabishana nami kwa hili.

Ila tazameni orodha hiyo tena: malango, jukwaa, maegesho. Hivyo ni vitu vya sherehe, na hupigwa picha vizuri. Vitu vya Jumanne saa nane mchana ni vingine: kivuli, choo kilicho wazi chenye maji, benchi isiyounguza, taa iliyobadilishwa balbu wiki hiyo hiyo ilipoungua. Sisemi hakuna aliyevifikiria. Nasema hivyo ndivyo vinavyohitaji mtu kila siku, na mtu wa kila siku hasimamishwi jukwaani siku ya kukata utepe.

Tumezifanya bustani zetu kama ile sebule ya wageni kwenye nyumba za mitaani, yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa, ambayo watoto wa nyumba hawaruhusiwi kukaa. Akija mgeni yafunuliwa na kupigwa udi. Akiondoka, mlango wafungwa, na wenye nyumba wakae barazani.

Makadara ni kinyume chake, na kwa hilo yafaa ninyi muiangalie. Hakuna mbunifu wa majengo aliyeichora Makadara. Ni kiwanja. Lakini Maulidi hufanyika hapo, mihadhara hufanyika hapo, Idi watoto hufika wamevaa nguo mpya na hela za Idi mkononi. Kiwanja hicho chaishi kwa sababu watu wana kazi nacho mwaka mzima. Kinachotakiwa hapo ni kidogo sana, na cha kwanza ni kwamba asije mtu akakionea tamaa.

Tamaa hiyo si hofu ya bure. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawanywa kinyume cha sheria, na Pwani haikusalimika. Kule Nairobi mwaka 1989 ilibidi Wangari Maathai asimame karibu peke yake, akatukanwa, ndipo jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Bustani ile ilikuwa na jina kubwa na iko katikati ya mji mkuu, bado nusura iende. Kiwanja kisicho na mipaka iliyopimwa, kule Mikindani au Mtopanga, kina nani wa kukisimamia?

Na hapo nafika kwenye hesabu ambayo yaniuma. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti yetu ilihesabiwa watu 1,208,333. Kati yao, Mvita, yaani kisiwa, ilikuwa na watu 154,171. Kisauni ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Changamwe 131,882. Maana yake ni kwamba anayelala kisiwani hafiki hata mtu mmoja kati ya saba. Sasa rudini mtazame majina niliyoyataja: Pembe na Uhuru Gardens, Treasury Square, Makadara, Mama Ngina. Yote kisiwani! Mtu wa Likoni ana nafuu, anayekwenda kwa miguu havuki feri kwa pesa, na akishashuka Mama Ngina iko karibu. Lakini mama wa mtaa wa Bangladesh kule Jomvu, au wa Kisauni ndani ndani, mwenye watoto watatu, nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha jioni. Mkigawa watu wa kaunti nzima kwa zile ekari 26 za Mama Ngina, kila ekari moja yabeba zaidi ya watu 46,000. Halafu twashangaa Jumapili nyasi zimekanyagwa.

Nirudi kwenye kivuli, kwa sababu nikiambiwa nichague kitu kimoja tu nitachagua hicho.

Kaskazi ikivuma, Februari na Machi, kila mtu atafuta pembe ya ukuta. Kabro hushika joto la mchana kutwa na kulitoa mpaka baada ya Magharibi. Benchi ya saruji iliyowekwa juani ni pambo tu mpaka saa kumi na moja jioni. Na watu wanaohitaji bustani mchana ndio wasio na mahali pengine: aliyetoka hospitali akisubiri majibu ya vipimo yatoke saa tisa, kibarua wa bandari aliyekosa kazi siku hiyo, mwanafunzi ambaye kwao ni chumba kimoja, mzee aliyefukuzwa na joto la mabati. Watu hawa hawatawaandikia barua. Wataondoka tu, na mtaandikiwa kwenye ripoti kwamba matumizi ya bustani mchana ni madogo.

Kupanda miti huku kwetu ni kazi yenye masharti yake. Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe. Ukichimba kidogo tu wagonga mwamba. Shimo la kadiri ya ndoo, katikati ya kabro, likatiwa mche na kigogo wa serikali akapigwa picha na beleshi, ni kaburi la mche. Shimo litakiwe kuwa pana, mwamba uvunjwe, utiwe udongo na mboji, na mche umwagiwe maji angalau kaskazi mbili mfululizo mpaka mizizi ijipatie njia kwenye nyufa. Mbele ya bahari upandwe mvinje, unaostahimili upepo wa chumvi. Ndani kidogo mkungu, mkwaju, mwarobaini. Mapema mwa masika ndio wakati wake, ili mvua ya Aprili na Mei iwafanyie kazi, badala ya kusubiri siku yoyote ya mazingira duniani.

Kama kuna anayedhani jiwe haliwezi kuota msitu, aende Bamburi. Machimbo ya kiwanda cha saruji yalikuwa yameacha shimo jeupe la matumbawe lisilo na hata jani. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kupanda humo. Mvinje ukashika. Majani yake membamba yalipoanguka hayakuoza upesi, mpaka yakaletwa majongoo, wale wale weusi wanaoingia majumbani mwetu msimu wa mvua na kina mama kuwafagilia nje. Majongoo wakayatafuna majani, kinyesi chao kikawa udongo, udongo ukashika miti mingine, na leo pale paitwapo Haller Park watu hulipa kuingia kuona twiga na viboko. Si muujiza. Ni kazi iliyoendelea mwaka baada ya mwaka, na watu walioajiriwa kuifanya, hata miaka ambayo hakuna aliyekuja kutazama.

Kuhusu mibuyu ya Ras Serani nina maneno machache ya ukali kidogo, mnisamehe. Mizizi ya mbuyu hutambaa mbali, na mingi iko karibu na uso wa ardhi. Ukimwaga saruji kuuzunguka mti ule wauziba pumzi na maji. Ukipigilia misumari ya bango la mkutano wautoboa ngozi. Watu wa Pwani wameiheshimu mibuyu hiyo kwa sababu zao, na wengine mtasema ni ushirikina. Haya, iheshimuni basi kwa umri wake. Kila mbuyu upewe nambari, upimwe mzingo wake, uchorewe duara la ardhi isiyojengwa, na anayeutoboa atozwe faini.

Choo sasa. Najua si mada ya kupendeza, lakini bustani isiyo na choo ni bustani ya wanaume. Mombasa familia hutoka baada ya Alasiri jua likipoa. Mama hutandika mkeka, watoto hucheza, na kabla ya saa moja yaingia Magharibi. Anayetaka kuswali ahitaji maji ya udhu; mtoto ahitaji choo; bibi mwenye sukari ahitaji choo mara mbili. Kama hakipo, au kipo na kimefungwa, au ni cha kulipia na watoto ni wanne, familia ile itakunja mkeka mapema na haitarudi wiki ijayo. Ramadhani ndiyo kabisa, watu hutoka baada ya tarawehe na kukaa mpaka karibu na daku. Mji wenye shida ya maji ya mfereji hauwezi kutegemea mfereji kwa hili. Yawekwe matangi ya kuvuna mvua kwenye mapaa ya vibanda na malango yale makubwa. Babu zetu walijenga birika misikitini na majumbani kwa sababu hiyo hiyo, hawakumngoja mtu awaletee maji kutoka Mzima kule Tsavo. Na kila choo kiwe na mtu wake, mwenye mshahara na zamu. Kufuli si mhudumu.

Mwenye ulemavu naye asisahauliwe baada ya kujengewa njia. Kifungu cha 54 cha Katiba chamhakikishia kufika kila mahali, na njia iliyozibwa na pikipiki zilizoegeshwa ni sawa na njia isiyojengwa.

Wauza mihogo, madafu, viazi karai na achari nao wana sehemu yao. Wengine huwaona kama uchafu wa kufagiliwa kila anapotarajiwa mgeni mkubwa. Mimi nawaona kama walinzi wa bure. Pale palipo na jiko la mihogo na taa ya kibanda, msichana anaweza kupita saa tatu usiku. Mwuzaji huyo amjua kila mtu, ajua mtoto gani amepotea na gari gani limekaa sana. Mpeni kibali cha mwaka mzima kilichoandikwa, mpeni pipa la takataka na mahali pa kumwaga maji machafu, mdaini ada inayojulikana na risiti yake. Mkimhamisha leo na kumrudisha kesho hatakuwa na sababu ya kufagia mbele ya meza yake.

Kwa Makumbusho ya Taifa nina ombi jepesi zaidi kuliko yote, kwa bei pia. Yaandikeni mahali penyewe. Kila bustani iwe na kibao kimoja kizuri, Kiswahili kikitangulia, kikieleza palikuwa nini kabla. Kwenye kibao cha Moi Avenue iandikwe kwamba njia ile ya Kilindini iliwahi kuwa na reli nyembamba za vitoroli, ambavyo wakubwa walikaa kitako chini ya kijipaa na Waafrika wakavisukuma kwa miguu juani. Kwenye kibao cha Ras Serani ziandikwe ngome na taa na mibuyu, na wazee wa Thenashara Taifa, yaani koo kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, na wa Mijikenda waulizwe wanapaitaje na wanapakumbukaje, kabla maneno hayajapelekwa kwa mchapishaji. Kizazi cha kujua kinaondoka. Mgeni hupewa maelezo na mwongozaji wake. Mtoto wa Majengo anayepita kila siku hana wa kumweleza.

Sasa tuzungumze fedha, maana bila hiyo barua hii ni mashairi.

Katiba, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, yaziweka bustani za kaunti, fukwe na maeneo ya burudani mikononi mwa serikali za kaunti. Kifungu cha 62 chaeleza ardhi ya umma ni ipi. Lakini Mama Ngina ilijengwa na serikali kuu, ina masalia ambayo ni ya Makumbusho kuyalinda, na iko ndani ya kaunti. Mwananchi akiona taa imezimika hajui apige simu wapi, na nashuku hata ninyi kwa ninyi mwaandikiana barua. Kaeni meza moja. Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja: nani afagia, nani alipa umeme, nani apogoa miti, nani achukua ada za vibanda na azipeleka wapi. Kisha ubandikwe langoni, pamoja na nambari ya simu inayopokelewa.

Halafu bajeti. Nimetaja milioni 460. Mkitenga kila mwaka asilimia tano tu ya gharama ile kwa matunzo ni shilingi milioni 23. Siwezi kusema hiyo ndiyo kadiri kamili, wahandisi wenu watajua. Nasema iwepo kadiri, iandikwe kwa jina lake, isifichwe ndani ya fungu kubwa lenye maneno "mazingira na mengineyo". Sheria ya fedha za umma yataka makadirio ya kaunti yafike bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Basi Waheshimiwa wawakilishi wadi, mtakapoyapokea, tafuteni mstari unaosema matunzo ya bustani. Msipouona, ulizeni kwa sauti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bustani zetu zimepokea wageni wengi wa siku mbili, na jembe bado liko stoo.

Kabla ya kununua chochote kipya, naomba liandaliwe daftari la maeneo yote ya wazi ya kaunti, wadi kwa wadi, kisiwani na bara: ukubwa wake, mipaka yake, nambari ya kiwanja, na kama yana hati. Yasiyo na hati yashughulikiwe pamoja na Tume ya Taifa ya Ardhi. Daftari hilo liwekwe wazi kila mtu alisome. Na ikiwa zitapatikana pesa za kujenga bustani moja mpya, isijengwe kisiwani. Ijengwe Kisauni, ambako watu ni karibu mara mbili ya kisiwa kizima, au Likoni. Isiwe na lango kubwa. Iwe na miti mia, vyoo vinane, maji, uwanja wa mpira wenye mchanga usiochubua magoti, na mhudumu anayejulikana kwa jina mtaani. Mtaona kama kuna atakayelilia lango.

Najua nitaambiwa watu wenyewe ndio wachafuzi, waiba balbu na kung'oa mabomba. Wapo. Lakini mwizi wa balbu hapendi mahali penye watu, na watu hawakai mahali pasipo kivuli wala choo. Anzeni na hivyo viwili, kisha tuletewe hesabu ya balbu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, naomba nipewe, ndani ya siku 21, kiasi kilichotumika katika mwaka wa fedha uliopita kutunza kila bustani niliyoitaja hapa, idadi ya wafanyakazi wake, na jina la ofisi inayohusika na kila moja. Nakala ya barua hii naipeleka kwa karani wa Bunge la Kaunti ipokelewe kama ombi chini ya kifungu cha 37 cha Katiba. Mkihitaji kunihoji niko tayari, na napendekeza tukutane Uhuru Gardens badala ya ofisini, siku ya Jumanne, saa nane mchana. Tafadhali msiwaambie wafagiaji kwamba mwaja.

Wenu,
Mkaazi na mlipa kodi, Majengo, Mombasa